Ekseli Moja, au Kila Gurudumu Peke Yake?

Askari akabidhiwapo pikipiki ya magurudumu manne ya kwendea nje ya barabara, aghalabu huuliza kwanza nguvu ya injini. Sisi twaliona swali hilo kuwa la pili. La kwanza ni hili: magurudumu ya nyuma yameshikwa namna gani? Jawabu lake ndilo liamualo kama doria itarejea kambini au italala njiani.

Namna zilizo mashuhuri ni mbili. Katika ya kwanza, magurudumu yote mawili hufungwa kwenye ekseli moja ngumu, ivutwayo kwa mnyororo na kubebwa na mkono mmoja wenye shokapu moja. Katika ya pili, kila gurudumu lina mikono yake na shokapu yake, likipanda na kushuka bila kulisumbua jenzake.

Mchanga huipenda ya kwanza. Ni nyepesi, haina difu, na chombo hakilali sana upande katika kona. Ndiyo maana Yamaha Raptor 700, yenye ekseli moja, ilitawala daraja la vyombo hivi katika mbio za Dakar, lililodumu tangu 2009 hadi 2024.

Mwamba huipenda ya pili. Jiwe likiinua gurudumu moja, la pili hubaki limekanyaga. Tena hakuna ekseli wala sahani ya breki ining'iniayo karibu na ardhi. Lakini bushi ni nyingi, viungo ni vingi, na kila kimoja ni mlango wa vumbi.

Je, kipya ndicho bora? Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalikwisha kujibu. Mwaka 1970 Datsun 1600 SSS, ambayo kila gurudumu lake la nyuma lilijitegemea, ilitwaa ushindi. Hata hivyo, kiwanda kile kile kilirudi kwenye ekseli ngumu katika gari aina ya 160J, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Barabara ya matope na mashimo haikuuliza kilicho kipya; iliuliza kilicho imara.

Sasa tuitazame pwani ya Kismayo. Bara kuna vilima vya mchanga. Ng'ambo ya maji kuna Fuma, Koyama na Chula, visiwa vya Wabajuni vyenye mwamba wa matumbawe ukatao tairi. Chombo kikipakiwa mashuani kwenda Fuma, gereji haipakiwi pamoja nacho. Kwa hiyo, doria nyepesi ya mchangani na ichukue ekseli moja, pamoja na mnyororo wa akiba. Kazi ya kubeba mzigo au majeruhi juu ya mawe na ichukue ya pili, kwani mgonjwa hawezi kustahimili kila kishindo. Lakini isiondoke bila bushi za akiba na mtu ajuaye kuzibadili.

Wabajuni walikuwa mafundi wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari. Kilinepa na wimbi, na kamba ikikatika, mnazi wowote ufuoni ulitoa nyingine. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa ndugu zetu askari: chagueni chombo kiwezacho kutengenezwa pale pale kitakapovunjikia.