Matokeo, Mazao na Taathira: Istilahi za Kupimia Utafiti wa Chuo Kikuu

Mfasiri anayeshughulikia taarifa ya mwaka ya chuo kikuu cha umma hukutana na ibara mbili zinazomsumbua. Ya kwanza hutaja jumla ya kazi walizozitoa watafiti wa chuo. Ya pili hutaja jinsi kazi hizo zilivyopokelewa na wataalamu wa mahali pengine. Aghalabu ya kwanza hufasiriwa kuwa "matokeo ya utafiti", na ya pili "athari za utafiti". Tafsiri zote mbili zina kasoro, na kasoro hizo si za lugha tu. Taarifa hiyo husomwa na mbunge na ofisa wa Hazina, nao ndio wanaoulizwa kama fedha za umma zimetumika ipasavyo.

Tuanze na "matokeo". Neno hili lina kazi yake maalumu katika utafiti: ni yale yaliyoonekana baada ya kuchunguza. Mfano mzuri tunao hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa yenye sukari aliyoyaingiza katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yasiyochemshwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Osborne hakulipuuza swali. Majaribio yakafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Kuganda upesi kwa maji ya moto ni tokeo. Makala ile ni kitu kingine, nacho ndicho taarifa ya chuo inachokihesabu.

Kitu hicho twapendekeza kiitwe "zao", kwa wingi "mazao ya utafiti". Wako wanaoona kwamba neno hilo lina harufu ya shamba. Lakini twasema mazao ya misitu na mazao ya mifugo bila ya kuona haya, na maana ni ileile: kilichotoka baada ya kazi, kinachoweza kuhesabiwa. "Machapisho" ni finyu mno, kwani kamusi, ramani, hataza na aina mpya ya mbegu vyote ni mazao, na baadhi yake havipiti katika mtambo wa kupigia chapa. Wala tusiseme "tija" tunapokusudia mazao. Tija ni uwiano wa kilichopatikana na kilichotumika: idara yenye mazao 10 na watafiti 5 ina tija kubwa kuliko yenye mazao 12 na watafiti 30.

Kuhusu "tafiti", wapo walimu wanaolikataa kwa hoja kwamba utafiti ni dhana, kama vile uzuri, isiyo na wingi. Sisi hatuoni kosa. Ukuta na kuta, ufunguo na funguo ni njia iliyokwisha kupitwa. Ila anayeandika "tafiti 40" awe anahesabu kazi 40 za uchunguzi, si makala 40 zilizotokana na uchunguzi mmoja au miwili.

Neno "athari" lina matatizo makubwa zaidi. Asili yake katika Kiarabu ni alama inayobaki, kama unyayo, na haibagui jema na baya. Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, limeelemea upande wa madhara: athari za ukame, athari za pombe, watu walioathirika na mafuriko. Ofisa asomaye "athari za Chuo Kikuu katika sekta ya afya" hana lawama akidhani kwamba ameletewa malalamiko. Wengine wamekimbilia "mchango". Lakini mchango ni kile akitoacho mtoaji, hauelezi kilichompata mpokeaji. Kitabu cha Walter Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alichokiandika akiwa mwalimu wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1972, ni mchango wake. Kwamba wasomi wa mabara mengine bado wanakijadili, wengine kwa kukiunga mkono na wengine kwa kukipinga, hilo ni jambo la pili linalohitaji jina lake. Kwa jambo hili twaona "taathira" linafaa zaidi, kwa kuwa linatoka katika shina lilelile na bado halijachafuliwa na matumizi.

Taathira, basi, hupimwaje? Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi zilizofuata, na katika miaka ya 1960 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuitoa faharasa hiyo kwa ajili ya sayansi. Kitendo kinachohesabiwa humo wengi hukiita "nukuu". Sivyo. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo. Mwandishi anaweza kuitaja kazi ya mwenzake bila ya kuchukua hata neno moja lake. Hapo *amerejelea*, na kinachohesabiwa ni "urejelewaji". Nao si sifa. Wanafizikia wanaoishuku hoja ya Mpemba wanairejelea makala yake sawasawa na wale wanaoikubali, na faharasa haiwatofautishi.

Kutokana na faharasa hizo kuna kipimo cha majarida. Jarida likiwa limetoa makala 40 katika miaka miwili, na katika mwaka unaofuata makala hizo zikarejelewa mara 60, kipimo chake ni 1.5. Mfasiri asiite hicho "kipimo cha ubora", kama inavyoonekana mara kwa mara. Ni wastani wa jarida zima, na haumwambii mtu lolote juu ya makala fulani iliyomo. Kipimo alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005 ni cha mtafiti mwenyewe: mwenye kazi 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12 anapewa 12.

Vipimo hivi vinaona tu kilichoandikwa katika majarida yaliyoorodheshwa, na Kiswahili kina nafasi ndogo sana humo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya Kamati iliyoanzishwa mwaka 1930, ikaingizwa chuoni mwaka 1964 na mwaka 2009 ikawa sehemu ya TATAKI, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Karani anayeifungua ili aandike barua haweki tanbihi. Mwalimu anayeitumia kusahihisha insha haweki tanbihi. Katika hesabu ya urejelewaji kamusi ile yaweza kuonekana dhaifu kuliko makala ya kurasa tano iliyosomwa na watu ishirini, na mtunga kamusi anayeomba kupandishwa cheo huulizwa makala zake ziko wapi.

Kwa hiyo twamshauri mfasiri wa taarifa atenge maneno mawili: "urejelewaji" kwa kile kilichohesabiwa katika faharasa, na "taathira" kwa jumla ya yaliyotendeka, yaliyohesabiwa na yasiyohesabika. Akiandika "taathira ya chuo imeongezeka" ilhali jedwali linaonyesha urejelewaji peke yake, amesema zaidi ya jedwali. Orodha ya mwisho wa kitabu nayo iitwe "marejeleo", kwani "marejeo" ni ya mtu anayerudi alikotoka, ingawa vitabu vingi vya zamani vimelitumia na hatuwataki walimu wawakate wanafunzi alama kwa ajili yake. Walio na neno bora kuliko "taathira" walilete, pamoja na mifano ya sentensi.