Mataifa, hofu na Kolwezi

Ndugu zetu mliohama makwenu, nanyi viongozi, mara nyingi mnatuuliza kama mataifa hujali haki. Thucydides wa Ugiriki ya kale, na Hobbes, Mwingereza aliyeandika mwaka 1651, walianzia kwenye hofu: pasipo mtawala wa kuwaamua wote, kila mmoja hujilinda. Wanafikra wa baadaye wakasema mataifa nayo ni hivyo.

Hapa Kolwezi jambo hilo lilionekana. Mei 1978 waasi kutoka Angola waliuteka mji. Askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakaja. Waliokoa watu, ndiyo. Lakini shaba na kobalti, ambazo mabaki yake yalirundikwa Kingamyambo, nazo zilihesabiwa. Mwaka huohuo Mobutu na Neto wa Angola walipatana, wala si kwa upendo: kila mmoja aliogopa waasi waliokaa kwa mwenzake. Ndipo wakimbizi wengi wakaanza kurudi.