Kompyuta 'iliyokufa' Nakivale na betri ya shilingi elfu tatu

NILIPOFIKA Nakivale jioni ya Alhamisi, mdogo wangu hakuniuliza habari za nyumbani wala hali ya mama. Alinishika mkono, akanipeleka moja kwa moja kibandani kwake pale Base Camp, akaondoa kitenge kilichofunika kompyuta ya mezani kama maiti. "Kaka, imekufa," akasema.

Wanaopita huko wanaijua Nakivale. Ni makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, kusini mwa Mbarara, na yana umri wa zaidi ya miaka 60. Yalianza na Wanyarwanda. Leo Mrundi, Mkongo na Msomali wanasimama foleni moja, na Kiswahili ndicho kinachowasikilizanisha sokoni. Mdogo wangu anawachapia barua, anawatolea kopi za karatasi zao, anawajazia fomu. Kompyuta hiyo moja inalisha watoto wanne.

Lakini safari hii haikuwa habari ya chakula tu. Ndani ya mashine ile kulikuwa na hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanachama 28, na siku ya kugawana fedha ilikuwa Jumapili. Daftari la karatasi lilikuwapo, ila liliishia Agosti. Tangu hapo kila kitu kiliandikwa kwenye kompyuta. Tayari mama mmoja wa Kikongo alikwishauliza, watu wote wakisikia, kama kompyuta imekufa yenyewe au imeuawa.

Mimi si fundi. Nilisoma ukimbizini, kambini Lukole kule Ngara, nikarudi Burundi mwaka 2004, na shuleni kwangu niliachiwa chumba cha kompyuta kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Mdogo wangu naye alirudi, kisha machafuko ya 2015 yakamwondoa tena. Kumfikia siku hizi ni kuzunguka: tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, mimi hupita Kobero, Ngara, Karagwe, hadi daraja la Murongo na kuvukia Kikagati. Baada ya siku mbili za njia hiyo nilitaka chai, si bisibisi.

Nilimwuliza swali moja: imekufa vipi?

Hakuwa na jibu. Jumanne alikuwa ameibeba hadi Mbarara, fundi akaiwasha mara mbili, akasema diski imekwisha, inatakiwa diski mpya na Windows mpya, shilingi laki moja na themanini. Vilivyomo vitapotea. Mdogo wangu hakuwa na fedha hizo, akairudisha nyumbani. Ukata wake ndio uliotuokoa.

Vifo vya aina tatu

Neno "imekufa" linaficha mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kuna mashine isiyotoa hata taa. Kuna inayozungusha feni lakini kioo kiko giza. Na kuna inayoandika maneno kwenye kioo, kisha inakwama kabla ya kufika kwenye Windows. Asiyetofautisha hayo atalipia ugonjwa asiokuwa nao.

Ya kwanza karibu daima ni habari ya umeme, na hapa wafanyabiashara wa mipakani wasikilize vizuri. Kompyuta iliyonunuliwa Bujumbura au Kigali huja na plagi ya pini mbili za mviringo. Uganda, Tanzania na Kenya soketi ni za pini tatu bapa. Tunaunganisha kwa adapta ya bei ya chini inayochezacheza, mashine inakosa waya wa ethi, siku moja inazima, nasi tunalaumu bodi. Jaribu kwanza waya mwingine na soketi nyingine. Kisha chomoa kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, uchomeke tena. Nimeona mashine zikiamka kwa hilo tu.

Tena, geuza kisanduku utazame nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Marekani wanatumia umeme wa volti 120. Sisi 220 hadi 240. Mashine iliyotoka huko ikiwa bado kwenye 115, ukiichomeka utasikia mlio na kunusa moshi. Kinachoungua kwa kawaida ni pawasaplai, kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme, na hicho hubadilishwa bila kugusa mengine. Onyo moja: usikifungue chenyewe. Hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa.

Ya pili, feni inazunguka na kioo ni giza. Hakikisha kwanza monita yenyewe ina umeme na kebo yake imekaa. Kisha sikiliza. Mashine nyingi hulia pi, pi, kwa hesabu maalumu, na mara nyingi zinalalamikia RAM, yaani kadi za kumbukumbu. Katika vumbi jekundu la Isingiro hilo ni jambo la kawaida. Chomoa umeme, gusa bati la kisanduku ili mwili wako utoe umeme wake, toa kadi, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka vishikio vyake vilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Mashine iliyosahau

Ijumaa asubuhi tuliiwasha ya mdogo wangu kwa inveta yake ya sola. Taa ikawaka, feni ikazunguka, maandishi yakatokea. Kwa hiyo haikuwa ya kwanza wala ya pili. Kioo kilisema saa na tarehe hazijawekwa. Tukabonyeza kuendelea, nembo ya Windows ikajitokeza, rangi ya buluu ikapita kama radi, mashine ikajizima na kuanza upya. Mara tatu hivyo hivyo. Ndivyo fundi alivyoona, akahukumu diski.

Mimi nilitazama tarehe. Kompyuta iliamini kuwa tuko Januari 2011.

Kwenye bodi ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, bapa kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa, na kwenye mashine nyingi za zamani hutunza pia mipangilio ya BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamka kabla ya Windows. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, betri hiyo karibu haifanyi kazi. Sasa fikiria kibanda cha sola: kila jioni mdogo wangu anazima inveta asimalize chaji. Usiku kucha, kila usiku, betri ndogo inabeba mzigo peke yake. Ikaisha, na mashine ikasahau ilivyopangwa.

Jambo moja iliyosahau ni namna ya kuzungumza na diski. Kuna namna iitwayo AHCI na nyingine iitwayo IDE. Windows yake ilikuwa imewekwa kwa AHCI. BIOS iliposahau, ikarudi kwenye ile ya kiwandani, Windows ikaitafuta diski isiione. Diski ilikuwa nzima. Haikutoa hata ule mlio wa ka-ka-ka wa diski inayokufa kweli, ambao ukiusikia unapaswa kuacha kuiwasha mara moja.

Niliingia kwenye BIOS kwa kubonyeza F2 (nyingine ni Delete), nikaweka tarehe, nikarudisha AHCI, nikahifadhi. Windows ikafunguka. Mdogo wangu alitaka kupiga kelele. Nikamwambia aache, atafute flashi. Bila betri mpya mashine inawaka, ila haikumbuki, na inveta ikizimika tungerudi tulikotoka. Tulinakili hesabu kwenye flashi mbili, moja akapewa mweka hazina wa kikundi, halafu ndipo tukanywa chai.

Jumamosi tulienda Mbarara kununua betri, shilingi elfu tatu. Nilipita kwa yule fundi, si kwa ugomvi. "Sebo," akaniambia, "wateja wanajaa mlangoni. Kufuta na kuweka upya ni saa moja. Kutafuta kosa ni siku nzima, na hakuna anayenilipa siku." Nilimwelewa. Lakini hata pale Windows inapoharibika kweli, diski inaweza kuchomolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, mafaili yakatolewa kwanza. Mteja aombe hilo kabla ya kukubali neno "kufuta". Fundi alikiri hufanya hivyo akiombwa.

Kwa wanaonunua kompyuta zilizotumika: Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zina mashine zisizoweza kupokea Windows 11. Bado zinafanya kazi, na zitauzwa. Dukani usikubali kuonyeshwa iliyokwisha kuwaka. Omba ichomolewe mbele yako, subiri dakika kumi mkiongea bei, ndipo iwashwe. Saa ikirudi nyuma, betri imekwisha. Usinunue kabla haijabadilishwa.

Jumapili kikundi kilikaa chini ya turubai. Mdogo wangu alichapisha orodha nzima, kurasa tatu, akampa kwanza yule mama wa Kikongo. Alisoma mstari wake kwa kidole, akajumlisha, akarudia kujumlisha. Kisha akamrudishia karatasi na kumwambia jina lake limekosewa herufi moja, alirekebishe kabla inveta haijazimika.