Mtu Mpya wa Nachingwea na Ruangwa

Mavuno yakishaingia ghalani, familia za Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa huanza kuulizana: mwaka huu nani anapeleka watoto? Wavulana wataingia jandoni, wasichana watachezwa unyago. Katika ukoo unaofuata upande wa mama, baba hawezi kulimaliza jambo hili peke yake. Mjomba asiposema neno, hakuna mtoto anayetoka nyumbani. Mvulana huingia kumbini, kambi ya jando, na jina moja, hutoka na jingine, na kumwita tena kwa jina la utotoni ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo kijana Mkristo wa Mnero au Mnacho huwa amezaliwa upya mara mbili: kwa maji ya padri na kwa kisu cha ngariba.

Wamisionari wengi wa mwanzo walitaka abaki na kuzaliwa kumoja tu. Aliyekombolewa na Kristo, walifundisha, hawezi tena kuweka unga chini ya mti na kuwaomba wahenga. Hoja yao ilikuwa na uzito. Sura ya 5 ya Waraka kwa Wagalatia inazungumzia uhuru na tohara pamoja, na Paulo hapepesi macho. Lakini Paulo alikuwa akibishana na watu waliodhani tohara inaokoa. Mmwera hakuitazama hivyo. Jando halimpeleki mtoto mbinguni. Linampa nafasi ya kukaa na watu wazima na kusikilizwa.

Aliyelielewa hili mapema ni Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Yeye alidumisha kumbi na mafunzo yake, akaingiza sala na padri, akaondoa tambiko. Wazazi walikubali. Unyago haukumwendea vizuri hivyo, maana yale ni mambo ya manyakanga, wanawake wanaowafunda wasichana, na hakuna padri wa kiume wa kuyasimamia. Sioni sababu ya kusikitika.

Kisha ukaja ukombozi wa namna nyingine. Waingereza walikuwa wameanzisha mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaanguka vibaya. Katika ardhi hiyo, mahali panapoitwa mpaka leo Farm 17, Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, kambi ya mafunzo katikati ya miaka ya 1960. Kiongozi wao, Samora Machel, hakufundisha bunduki tu. Alitaka atoke pale mtu mpya: asiyejali kabila, asiyeamini waganga, aliyeachana na unyago na mahari. Maneno yalikuwa ya kimapinduzi, lakini sharti lilikuwa lilelile la wamisionari: ukitaka uhuru, acha ya kwenu.

Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kushuka hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Ni fahari ya Watanzania, na wa kusini wana haki ya kuidai kuliko wote. Ila mwezi huohuo wa Mei, kambini hapohapo, Uria Simango, mchungaji aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma ungamo la usaliti mbele ya umati. Baadaye aliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Mkristo huungama kwa hiari ili afunguliwe. Simango aliungamishwa, na hakufunguliwa. Sura hii hatuisimulii sana tunapoadhimisha ukombozi, na ni vibaya.

Wamwera, Wakristo na Waislamu, waliwapokea wageni wote hawa, wakachukua walichokitaka. Wanasali, wanaimba wimbo wa taifa, na bado wanawapeleka watoto jandoni. Nauona huo kuwa uhuru kamili kuliko ule waliohubiriwa.

Haimaanishi kila kitu kibaki kilivyo. Mtoto kukosa masomo kwa ajili ya ngoma ni kosa. Kisu kimoja kwa watoto wengi ni hatari. Mafundisho ya ndoa kwa msichana wa miaka tisa hayafai. Mapadri na wachungaji wa leo wanaotaka kuyarekebisha hayo wasianze kwa kumtenga muumini kanisani. Waende kwanza wakaketi na wajomba na manyakanga.