Kipumulio cha Difu: Kifaa Kidogo Kinachookoa Gari la Chama

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha mkoani Mwanza, ndipo pia mbegu za pamba zinapotakiwa kuwafikia wakulima. Gari la chama hulazimika kupita katika udongo mweusi wa mbuga za Kwimba, Misungwi na Magu, na kuvuka vijito vinavyoelekea ziwani. Difu ikivunjika baada ya safari hizo, aghalabu lawama humwangukia dereva au mzigo. Yafaa kwanza kukichunguza kifaa kidogo kiitwacho kipumulio.

Difu imo ndani ya sanduku la chuma lililo katikati ya ekseli. Humo mna gia, beringi na oili, na juu ya oili mna hewa. Gari linapokwenda, vyote hivyo hupata moto. Hewa ikitoka joto la nyuzi 30 hadi nyuzi 90 za Selsiasi hutanuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Ikikosa njia ya kutokea, huisukuma oili ipenye kwenye sili, na pengine ifike hadi kwenye breki. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari huweka kipumulio juu ya ekseli, ili hewa itoke na kuingia.

Hatari huja gari lenye ekseli ya moto linapoingia majini. Chuma hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na difu huvuta pumzi. Kipumulio kikiwa kimezama, huweza kuvuta maji badala ya hewa; kikiwa kimezibwa na tope, maji huvutwa kupitia sili zilizochakaa. Maji yanayofika magotini mwa mtu mzima huweza kutosha kukifunika.

Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Haiwezi tena kulainisha gia ipasavyo, na beringi huanza kushika kutu. Gari huendelea kutembea kwa muda, kisha difu huanza kulia, na hatimaye huvunjika, pengine katikati ya msimu wa kununua pamba.

Hatua zifuatazo zinafaa kuchukuliwa:

1. Kila gari linapofanyiwa huduma, kipumulio kifunguliwe, kisafishwe na kuhakikishwa kuwa kinapitisha hewa.

2. Fundi aunganishe kipumulio na mpira usioharibiwa na oili, aupandishe hadi juu ndani ya boneti, na ncha yake itazame chini. Mpira uachiwe ulegevu wa kutosha, kwani ekseli hupanda na kushuka.

3. Kabla ya kuvuka maji mengi, dereva asimame kwanza ili ekseli ipoe.

4. Baada ya kuvuka, oili ikaguliwe. Gari likilala usiku kucha, maji yasiyochanganyika hutuama chini ya oili, hivyo hutangulia kutoka nati ya chini inapolegezwa. Oili yenye maji imwagwe yote.

Mpira huo hauponyi sili iliyokwisha kuharibika; sili hiyo sharti ibadilishwe. Hata hivyo, gharama ya mpira ni ndogo sana ikilinganishwa na difu mpya, ambayo hulipwa kwa fedha za wanachama. Makatibu wanashauriwa kuuandika ukaguzi huu katika daftari la gari, pamoja na tarehe yake, kabla mvua hazijaanza.