Makala ya Afya: Mafigo Yetu na Hesabu ya Maji Wakati wa Joto

Juma hili tumechagua kulijibu swali la msikilizaji wetu mmoja anayefanya kazi ya ujenzi nchini Oman. Anasema kwamba kila ifikapo miezi ya Juni na Julai mkojo wake huwa haba na wenye rangi ya manjano iliyokolea, karibu na rangi ya asali, ingawa hunywa maji chupa baada ya chupa. Anauliza: je, hiyo ni dalili kwamba mafigo yake yanaharibika? Anaongeza kuwa jioni huumwa na mgongo, naye humeza vidonge vya kutuliza maumivu ili aweze kurudi kazini kesho yake.

Swali hili lina sehemu mbili, na jibu la ile ya kwanza linatuliza moyo kuliko la ile ya pili. Lakini kabla ya kufika huko, hatuna budi kuitazama njia nzima ambayo mkojo huipitia.

Mwanadamu kwa kawaida ana mafigo mawili, yaliyokaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, yakikingwa kwa sehemu na mbavu za chini. Kila moja lina umbo la harage na urefu wa takriban sentimita 11, yaani kiasi cha ngumi ya mtu mzima. Lile la kulia hukaa chini kidogo kuliko mwenzake kwa sababu juu yake kuna ini. Kutoka katika kila figo huteremka mrija mwembamba wa sentimita 25 hadi 30 ambao husukuma mkojo kwa kujikaza na kujilegeza, na ndiyo maana mkojo hufika kibofuni hata mtu akiwa amelala. Kibofu nacho ni mfuko wa misuli unaotanuka: mtu huanza kuhisi haja ukiwa na mililita 200 hivi, na kwa kawaida huweza kubeba 400 hadi 500. Mrija wa mwisho, ule unaoutoa mkojo nje, una urefu wa sentimita 4 tu kwa mwanamke na takriban 20 kwa mwanamume. Tofauti hiyo ya maumbile ni sababu kubwa ya wanawake kupatwa zaidi na maambukizi ya njia ya mkojo, kwani vijidudu vina safari fupi.

Mirija na kibofu, hata hivyo, ni vyombo vya kusafirisha na kuhifadhi tu. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya figo. Mafigo yote mawili hayafikii hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Damu hiyo hugawanywa katika vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, ambavyo ni kiasi cha milioni moja katika kila figo. Nefroni huanza na fundo la mishipa myembamba ya damu lililowekwa ndani ya kitu mfano wa kikombe. Mtaalamu wa Kitaliano Marcello Malpighi aliyaona mafundo hayo kwa hadubini na kuyaeleza mwaka 1666, lakini ilibidi kungojea hadi mwaka 1842 ndipo Mwingereza William Bowman alipoonyesha kwamba kikombe kile kimeungana na kijimrija kinachoelekea kwenye njia ya mkojo.

Katika fundo hilo, shinikizo la damu hukamua maji pamoja na chumvi, sukari na taka, huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki ndani ya mishipa. Kinachokamuliwa ni mililita 125 hivi kila dakika. Ukizidisha kwa siku nzima unapata lita 180, sawa na madumu tisa yale ya lita ishirini. Na bado mtu huyo hukojoa lita moja na nusu tu, au mbili. Zilizosalia zimekwenda wapi?

Zimerudishwa katika damu. Hapa ndipo watu wengi wanapoikosea kazi ya figo, kwa kulifananisha na chujio la chai. Figo hufanya karibu kinyume chake: kwanza humwaga takriban kila kilicho chepesi, kibaya na kizuri pamoja, kisha njiani huokota kimoja kimoja kile ambacho mwili unakihitaji. Kwa mtu mwenye afya, karibu sukari yote huokotwa. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imezidi katika damu, waokotaji huzidiwa na kazi, sukari hubaki kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa huyo hukojoa mara kwa mara na kiu haimwishi.

Maji nayo yana hesabu yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima wakati wote jinsi damu ilivyo nzito au nyepesi. Damu ikianza kukosa maji, hata kwa kiasi cha asilimia moja au mbili, sehemu hiyo huamsha kiu na kuagiza homoni maalumu imwagwe katika damu. Homoni hiyo ikifika kwenye mafigo hufungua milango midogo ya maji katika mirija ya mwisho ya nefroni. Mirija hii hupita katika kina cha figo, mahali penye chumvi nyingi kuliko damu, na chumvi hiyo huyavuta maji kuyarudisha mwilini. Mkojo unaobaki huweza kuwa mzito hadi mara nne kuliko damu. Mtu akinywa maji mengi, homoni hupungua, milango hufungwa, na mkojo hutoka mwingi na mweupe.

Uwezo huo una kikomo. Taka za siku moja haziwezi kutolewa kwa mkojo ulio chini ya nusu lita hivi. Na maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, yana chumvi kuliko mkojo mzito kabisa ambao figo la mwanadamu linaweza kuutengeneza. Anayekunywa lita moja ya maji hayo atahitaji kutoa zaidi ya lita moja ya mkojo ili kuiondoa chumvi yake, yaani atakuwa amepoteza badala ya kupata. Mabaharia wa majahazi waliosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi baina ya Oman na pwani yetu hawakuhitaji kusoma habari za nefroni ili kulijua hilo. Maji matamu yalikuwa shehena yao ya lazima.

Sasa tumrudie msikilizaji wetu. Rangi ya manjano ya mkojo hutokana na mabaki ya kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu. Rangi ileile ikiwekwa katika maji machache, huonekana nzito. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na pengine zaidi, kwa hivyo chupa kadhaa za maji kwa siku hazitoshi. Mafigo yake, basi, hayajaharibika kwa ushahidi huo pekee. Yanaokoa maji, kama yanavyopaswa.

Lakini hali hiyo ikidumu miezi na miaka, ina gharama. Katika mkojo mzito, madini kama vile kalsiamu huungana na kuganda, na vijiwe huzaliwa. Aliyewahi kupitiwa na kijiwe katika ule mrija mwembamba tuliousema hapo juu hahitaji kuelezwa maumivu yake. Lipo pia jambo zito zaidi. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador, huko Amerika ya Kati, walieleza habari za wanaume, wengi wao wakulima, waliofikishwa hospitalini mafigo yakiwa yamekwisha, ilhali wengi wao hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu, ambavyo ndivyo visababishi vikuu vya maradhi haya duniani. Maradhi hayohayo yameonekana kwa wakata miwa wa Nicaragua. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu chanzo chake, lakini kazi ngumu katika joto na upungufu wa maji unaojirudia kila siku vimo mstari wa mbele katika orodha ya vinavyoshukiwa.

Oman hupiga marufuku kazi za nje juani baina ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni hadi Agosti, na Qatar ilirefusha saa zake mwaka 2021, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Huo ni muda wa mapumziko kwa sheria, si kwa hisani ya msimamizi.

Tuje kwenye vidonge, na hapa kwa maoni yetu ndipo ilipo hatari kubwa zaidi katika barua ya ndugu yetu. Maumivu ya mgongo jioni baada ya kubeba mizigo kwa kawaida ni ya misuli, si ya mafigo. Figo linaloharibika polepole mara nyingi haliumi kabisa. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili. Kwa bahati mbaya, kemikali hizohizo ndizo zinazouacha wazi mshipa uingizao damu katika fundo la nefroni pale maji yanapopungua mwilini. Mtu aliyekaukiwa akizimeza kila siku, mshipa hubana, damu hupungua, na figo linaweza kudhurika. Paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa, ni salama zaidi kwa mafigo.

Kuhusu kunywa, kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20 ni bora kuliko kungoja kiu na kumaliza chupa tatu kwa mkupuo. Wala si vyema kuzidi lita moja na nusu kwa saa, kwani mafigo hayawezi kuyatoa maji yote hayo, na chumvi ya damu inaweza kushuka kwa kiasi cha hatari. Chumvi iliyotoka na jasho hurudi kwa kula chakula, kwa hivyo asiache mlo wa mchana.

Ikiwa mkojo utabadilika na kuwa kama chai ya rangi au kola, hasa baada ya kazi nzito juani pamoja na misuli kuuma na kulegea, aende hospitali siku hiyohiyo. Huenda misuli imeanza kuvunjika na mabaki yake yanaziba nefroni. Mkojo mwekundu pia usipuuzwe. Kwa waliokulia Pemba, Unguja au pengine pa mwambao na kuoga katika vijito na madimbwi, damu mwishoni mwa mkojo inaweza kuwa kichocho cha utotoni, ambacho mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu. Tiba yake ni vidonge vya praziquantel, na daktari wa ughaibuni asiyeujua ugonjwa huo aambiwe mapema mgonjwa alikulia wapi.

Ndugu yetu anaweza pia kuomba vipimo vitatu: shinikizo la damu, protini katika mkojo, na kreatinini katika damu. Vinafanyika katika zahanati nyingi na havimalizi asubuhi moja.