Risasi Ndani ya Uzi wa Karpu

Kusini mwa Uingereza, mvuvi anaweza kukesha kando ya ziwa siku tatu mfululizo, akapata samaki mmoja aina ya karpu mwenye kilo 15, akampiga picha, kisha akamrudisha majini. Msomaji wa Naivasha, ambako karpu ni kitoweo tangu alipoenea ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ataona huo ni wazimu. Ila huko Uingereza samaki wakubwa wana majina yao. Clarissa, aliyevuliwa na Richard Walker katika bwawa la Redmire mwaka 1952 akiwa na karibu kilo 20, alipelekwa kuishi kwenye bustani ya wanyama ya London. Two Tone wa ziwa la Conningbrook, Kent, alipokufa mwaka 2010, magazeti yaliandika habari zake. Karpu mmoja hunaswa na watu wengi katika maisha yake, kwa hiyo anayemjeruhi amewaharibia wote.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa ubishi kuhusu kipande cha uzi kisichozidi sana mita moja.

Kipande hicho hufungwa mwishoni mwa mshipi, karibu na chubwi na ndoana. Kwa miaka mingi kilichopendwa zaidi kilikuwa uzi uliosukwa kuzunguka waya mwembamba wa risasi, uliokaa katikati kama utambi ndani ya mshumaa. Sifa zake ni za kweli. Hulala chini ya maji na kufuata mabonde na vilima vya tope na changarawe, hivyo samaki hagusi uzi ulioning'inia akashtuka. Aidha ni mnene kuliko mshipi wa nailoni, kwa hiyo haumkwarui magamba ubavuni anapovutwa.

Tatizo huanza mshipi unapokatika. Ukikatikia juu ya kipande hicho, karpu huondoka akiburuta uzi mgumu kukatika, pengine pamoja na chubwi. Ukinasa kwenye magugu au mti uliozama, anabaki amefungwa hapo hadi afe. Kwa sababu hiyo maziwa mengi yamepiga marufuku uzi wa risasi, na mengine hayataki kipande chochote cha mwisho: mvuvi atumie mshipi mtupu, labda na mpira mwembamba wa kupitishia.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi haikuugusa uzi huo. Mwaka 1987 Uingereza ilizuia chubwi za risasi zenye uzito wa kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, kwa kuwa bata maji walikuwa wakizimeza pamoja na vijiwe vya kusagia chakula. Risasi ilisagika ndani ya firigisi, ikaingia kwenye damu na kuwaua. Baada ya marufuku, bata maji wa mto Thames waliongezeka tena. Lakini chubwi ya karpu kwa kawaida huwa na gramu 60 hadi 100 na zaidi, kwa hiyo ilipita juu ya kipimo cha sheria.

Anayetaka kuacha risasi ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni uzi uliosukwa na kuongezewa uzito kwa tangsteni, madini mazito kuliko risasi yenyewe: gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.3. Mzuri kati ya nyuzi hizi ni laini, huzama haraka na hutengenezwa kitanzi kwa sindano, ncha yake ikirudishwa ndani ya msuko bila fundo. Ya pili ni florokaboni. Hii ina uzito wa takriban gramu 1.78 kwa ujazo huo huo, nailoni ikiwa na 1.14 hivi, basi huzama, na haionekani kirahisi majini. Kasoro yake ni ukakamavu: juu ya changarawe yenye mabonde hukaa kama daraja, sehemu ikigusa chini na sehemu ikielea. Kwenye sakafu tambarare yenye maji maangavu inafaa; penye vilima, uzi wa tangsteni unaishinda kwa mbali.

Lakini maneno "haina risasi" kwenye pakiti hayamhakikishii samaki usalama wowote. Uzi wa tangsteni wenye fundo nene unaweza kuzuia ndoana na uzi wake mfupi visiteleze na kutoka, sawasawa na ule wa zamani. Ndiyo maana kitanzi chembamba cha sindano kina thamani zaidi kuliko jina la kampuni. Jaribio lake halina gharama: kata mshipi nyumbani juu ya kipande, shika ndoana, vuta. Kama shanga na pete zilizopitishwa kwenye kipande hazitoki kwa nguvu ya kawaida ya mkono, mtambo huo usiingie majini.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hayapendi kulisema. Mvuvi anayeondoa waya mwembamba wa risasi kwenye uzi wake, kisha akatundika chubwi ya risasi ya gramu 90 iliyotengenezwa idondoke ziwani kila anaponasa samaki, amepunguza kidogo mno. Mwaka 2021 Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulipendekeza risasi idhibitiwe kwenye zana za uvuvi pia. Baadhi ya wavuvi wa karpu hawakungoja sheria. Wanafunga mawe ya kawaida badala ya chubwi, na samaki akinasa, jiwe ndilo linalobaki chini.